Namba Thelathini na Mbili

Kazi yangu ni kusaga majani. Ukisema unafanya kazi maabara, watu wanakaa vizuri kwenye kiti na kuanza kukueleza habari za presha zao. Ukiwaambia unasaga majani, wanarudi kuegemea. Lakini ndiyo kazi, na naijua. Mtu analeta gunia la majani au magome. Nakausha, nasaga, naloweka, nachuja, mpaka inabaki chupa ndogo ya maji ya rangi ya kutu. Chupa hiyo inaingia chumba cha ndani, ambako mimi siruhusiwi hata kuchungulia, na huko inakutanishwa na virusi vinavyoshambulia mapafu. Tunatafuta jani ambalo lina kitu cha kuvizuia. Tumesaga mengi. Mengi hayana kitu.

Chumba cha ndani siruhusiwi kwa sababu sina digrii. Ninayo robo tatu yake. Nilifika mwaka wa tatu wa kemia nikatoka, na sababu zake ni ndefu na hazinifurahishi. Kazini wananiita Robo Tatu, na kwa kweli ni cheo kikubwa kuliko mshahara wangu.

Anayeingia ndani ni Bwana Glavu, fundi wa kukuza seli, mtu ambaye sijawahi kuviona vidole vyake. Juu yetu wote yuko Daktari, mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani, na kila siku anaitafuta moja kati ya hizo. Daktari ana sheria moja ambayo haivunjwi: anayesoma majibu asijue anasoma nini.

"Jicho lina upendeleo," anasema. "Ukijua hili ni jani la kwenu, utaliona limeshinda hata kama limelala chali."

Kwa hiyo mimi msaga majani ndiye ninayegawa namba. Nabandika namba kwenye chupa, naandika orodha, naitia kwenye bahasha, napiga gundi, bahasha inalala kwenye droo ya Daktari mpaka siku ya kufungua. Maana yake, kwenye jengo lile lote mtu pekee aliyejua nini ni nini ni mimi. Fisi kakabidhiwa bucha.

Siyo kwamba mimi ni mtu mbaya. Ila nikiona mahali pametulia sana, mikono inaniwasha. Niliwahi kubadilisha kengele ya jokofu ikawa inalia kama mbuzi, na Bwana Glavu akatafuta mbuzi siku mbili. Kwenye mzunguko wa vipimo ninaousimulia nilitaka kumtania Daktari, aliyekuwa anajisifu kwamba akiitazama sahani tu anajua mmea ni wa aina gani. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa ya ofisini, ile chai ya rangi inayokaa humo mpaka kijiko kinasimama, nikaichuja vizuri kama dawa, nikaandika namba thelathini na mbili.

Namba thelathini na moja haikuwa mzaha. Ilikuwa majani ya Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Mimi namwita Mama tu. Ni fundi cherehani. Nyuma ya nyumba yake, karibu na bomba, kuna kichaka ambacho hakuna aliyekipanda, na kila kikohozi cha mtaa ule kimepitia kwenye sufuria yake. Mimi mwenyewe nimenyweshwa yale majani nikiwa nimebanwa pua. Yanakausha mdomo mpaka unahisi ulimi umevaa soksi. Nilipopata kazi ile, jambo la kwanza aliloniuliza ni: "Sasa majani yangu mtayapima lini?" Akanipa mfuko mzima, ameukunja vizuri na kuufunga kwa uzi mweupe wa cherehani.

Sasa nieleze sahani, maana bila hiyo hutanielewa. Ni sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo tisini na sita. Ndani ya kila kishimo kuna seli za mapafu. Unatia virusi, unatia maji ya jani lako, unasubiri siku kadhaa, halafu unatia rangi. Seli zikiwa hai zinashika rangi, kishimo kinakuwa zambarau. Zikiwa zimekufa, kishimo kinabaki cheupe. Basi. Zambarau tumefurahi, cheupe tumezoea.

Siku ya majibu Bwana Glavu alitoka ndani amevua barakoa. Hicho peke yake kilikuwa kioja.

"Robo Tatu," akasema, "thelathini na moja na thelathini na mbili. Zambarau kama nguo ya sherehe. Zote mbili. Nyingine zote nyeupe pee."

Nilicheka. Kisha nikakimbia nje kumpigia Mama.

Hapa ndipo nilipokosea, na nimeliwaza kosa hilo mara nyingi. Niliambiwa namba mbili kwa pumzi moja. Thelathini na mbili nikaicheka, thelathini na moja nikaiamini. Sahani ile ile, rangi ile ile.

"Mama! Majani yako yamefaulu!"

Cherehani ikanyamaza upande wa pili. "Yamefaulu nini?"

"Yamezuia virusi! Vya mapafu! Kwenye maabara!"

"Hebu rudia, niweke spika wakusikie na hawa wanaosubiri nguo."

Nikarudia. Nikasikia vigelegele, na sauti ya kinyozi wa jirani ikiuliza kama kuna posho.

Daktari aliagiza sahani irudiwe. Ikarudiwa, majibu yakawa yale yale, na thelathini na mbili ikashinda zaidi. Hapo ndipo ningesema. Niliufungua mdomo kabisa. Lakini Daktari alikuwa amekaa na miwani zote mbili mkononi, macho matupu, akaniambia, "Miaka kumi na moja, Robo Tatu. Miaka kumi na moja natazama vishimo vyeupe." Nikaufunga. Nikajiambia atacheka siku ya bahasha, Ijumaa, mbele ya wageni wanaokuja kukagua kazi. Mzaha ukikaa sana unachacha kama maziwa, na mimi nilikuwa nanusa nikijifanya nina mafua.

Jumanne asubuhi dada akanipigia. Dada ni binti wa kuzaliwa wa Mama, na hana muda wa salamu nikiwa nimekosea.

"Njoo umwondoe mama yako hapa."

"Kafanya nini?"

"Homa siku ya nne. Anahema kama amepanda ghorofa, na amekaa tu. Nikisema hospitali ananiambia ana dawa iliyopimwa. Anasema wewe ndiye daktari wake. Wewe!"

Nilimkuta Mama kwenye kiti chake cha cherehani, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, sketi ya shule nusu imeshonwa mbele yake. Chumba kilinuka majani yaliyochemka. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango na kikombe mkononi, amekunja uso kama aliyelamba betri. Kumbe Mama alikuwa anagawa. Tangu simu yangu, sufuria haikuwa imeshuka jikoni.

"Profesa wangu," akasema. Akavuta pumzi. "Umekuja." Akavuta nyingine. "Umekula?"

Neno moja, pumzi moja. Nikakaa nikajifanya naangalia sketi, kumbe nahesabu. Kwa dakika moja kifua chake kilipanda mara thelathini na nne. Midomo yake ilikuwa ya bluu, rangi niliyokataa kuiona.

"Mama, twende hospitali."

"Ya nini? Nimeshakunywa asubuhi. Na saa nne. Hii dawa inafanya kazi polepole, si ndiyo?"

"Mama, haifanyi kazi."

"Ulisema imefaulu."

"Nilikosea."

Akanitazama kwa huruma, kama ananipima suruali na kiuno hakijatosha. "Unasema hivyo ili niende."

"Nasema kweli! Sikiliza. Niliweka chai kwenye kile kipimo. Chai ya kawaida. Nayo ilifaulu. Ilishinda hata majani yako."

Kinyozi alipaliwa. Dada, aliyekuwa amesimama na begi la nguo tayari, akashika kiuno. "Chai?"

"Unaona?" Mama akamwambia dada. "Anaanza." Akageukia kwangu. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeniambia mashine yangu imetangazwa redioni inatafutwa na polisi. Nikaificha chini ya kitanda wiki nzima."

"Hilo ni la zamani."

"Wewe ndiye uliyeniambia chuo kimefungwa kwa ajili ya ukarabati. Mwaka mzima."

Nilipoacha chuo niliogopa kumwambia, nikamtania mpaka utani ukaisha mafuta. Alishona gauni la kuvaa kwenye mahafali yangu. Bado linaning'inia nyuma ya mlango, kwenye mfuko wa nailoni.

"Sasa leo umekuja na chai," akasema, akafunga macho kidogo. "Nikuamini kwa lipi?"

Nimetania watu wengi, na wote walikasirika kisha wakacheka. Sikujua kuna deni la namna hii, kwamba siku utakayosema kweli hutakuwa na kitu cha kuinunulia. Nilikuwa na mtu mmoja tu ambaye Mama angemwamini, na mtu huyo ndiye niliyekuwa namkimbia. Nikatoa simu, nikaweka spika, nikaiweka juu ya cherehani.

"Kama ni jokofu tena," Daktari akapokea, "leo nakufukuza."

"Siyo jokofu. Daktari, fungua bahasha."

"Bahasha ni Ijumaa."

"Tafadhali. Sasa hivi. Nimeweka spika, mama yangu anasikia. Anaumwa."

Nikasikia droo ikivutwa, halafu karatasi ikichanika. Nilikuwa nimepiga gundi nyingi kwa kiherehere, kwa hiyo ilichanika muda mrefu.

"Soma thelathini na moja," nikasema.

"'Majani ya bombani, kwa Mama Mkubwa.'" Sauti yake ikalainika. "Ndiye huyo?"

"Ndiye. Soma inayofuata."

Nilisikia akivuta kiti, akakaa.

"'Chai ya rangi, chupa ya ofisini, kikombe cha pili.'" Akasoma tena, kimoyomoyo, nadhani, maana ilipita muda. "Kikombe cha pili?"

"Cha kwanza nilikunywa."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alitaka, dada akamtazama akaacha.

"Nilishaandika ukurasa mzima juu ya thelathini na mbili," Daktari akasema. Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Nilimpigia mwalimu wangu. Amestaafu, macho hayaoni vizuri. Nikamwambia, mwalimu, nadhani nimepata kitu."

"Naomba unisamehe."

"Tutaongea."

"Daktari," Mama akaingilia, akishika meza. "Mwanangu ana makosa. Lakini roho mbaya hana. Usimfukuze."

Yaani anahema vile, na anazitumia pumzi zake kunitetea mimi. Nikageuza uso nikasoma bango la bei za kushona, ambalo nalijua kwa moyo.

"Shikamoo mama," Daktari akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nikuulize. Chai unakunywa?"

"Tangu nimeota meno."

"Imewahi kukutibu kifua?"

"Chai?" Mama akashangaa. "Chai ni chai."

"Basi kwenye sahani yangu chai imeshinda kila kitu, na majani yako yamekuja nyuma yake. Nikisikia hivyo tu najua nimedanganywa, na sikudanganywa na mwanao peke yake. Majani yako yanakausha ulimi?"

"Yanaukausha haswa."

"Na chai iliyokaa pia. Huo ukakasi, mama, unang'ang'ania kila kinachopita. Ndani ya kishimo kidogo unavikamata virusi kwa sababu viko nao bakuli moja. Lakini wewe ukiunywa unaenda tumboni, unaishia huko huko. Virusi viko kwenye mapafu. Mapafu hayanywi chai."

Mama akalisogeza gurudumu la mashine kidogo kwa kidole.

"Kwa hiyo majani yangu ni bure," akasema. "Miaka yote hii."

Ningekuwa mimi ningesema uongo hapo. Ningesema hapana Mama, ni dawa kubwa, tutakwenda nayo mbali. Daktari hakusema.

"Sijui," akasema. "Huo ndio ukweli wenyewe. Huenda chini ya ukakasi kuna kitu kingine, huenda hakuna. Nitautoa ukakasi, nitapima upya. Itachukua wiki, na wewe nakusikia unavyohema, mama, wiki hizo huna. Nenda hospitali ukawekewe hewa. Majani yako nitakutunzia."

Mama akatazama sufuria. Akatazama sketi. Kisha akavua futi ya shingoni, akaizungusha vidoleni mpaka ikawa duara dogo, akaitia kwenye droo ya cherehani na kuifunga. Sijawahi kumwona bila futi mchana, isipokuwa msibani na siku nilipoanza darasa la kwanza. Hapo nikajua anakwenda.

"Zima jiko," akamwambia dada. "Na wewe," akamwambia kinyozi, "gari lako linawaka?"

"Likisukumwa."

"Basi kasukume."

Kinyozi akaweka kikombe chini. "Mimi nimekunywa vinne," akalalamika, "na wala sikuwa naumwa."

Hospitali walimbana kidole na kile kidude cha kupimia hewa, wakasoma namba, wakaacha kuzungumza na sisi na kuanza kuzungumza wao kwa wao kwa haraka. Alikaa na mrija wa oksijeni puani siku sita. Muuguzi aliniambia kwamba kama tungengoja kesho yake, angekuwa ananiambia mengine. Siku ya tatu Mama aliomba sindano na uzi, mapindo ya shuka la hospitali yalikuwa yanamkera. Nikatoka nje nikalia vizuri, nikarudi.

Daktari hakunifukuza. Alifanya kitu kibaya zaidi. Ijumaa ilipofika alinisimamisha mbele ya wageni nieleze mwenyewe kwa nini ripoti yake imepungua ukurasa mmoja. Nilieleza. Mgeni mmoja, mzee mwenye tai, aliniuliza chai ilikuwa na sukari au haina. Aliuliza kwa dhati, akaandika jibu. Halafu Daktari akasema mbele yao kwamba kuanzia siku hiyo kila sahani itakuwa na kishimo cha chai, ili jani lolote lisilofanya zaidi ya chai lirudi nyumbani, na mchemshaji wa chai hiyo ameshapatikana.

"Na namba?" nikamuuliza baadaye.

"Namba nagawa mimi."

Kwa hiyo safari hii nilingoja kama wengine. Nilitoa ukakasi kwenye maji ya majani na kwenye chai, kazi ya siku nyingi: kuna unga mweupe unaoutia, unaunyonya ule ukakasi na kuzama nao chini, unachuja, unaonja hewani kwa pua tu maana kulamba ni marufuku. Nikakabidhi chupa bila namba. Zikaingia ndani. Nikawa nasoma uso wa Bwana Glavu kila anapotoka, nisipate kitu. Uso nao una glavu.

Jibu lilitoka Mama akiwa ameshafika nyumbani wiki ya pili. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, kwa miguu, bila simu. Alikuwa kwenye kiti chake, futi shingoni, anashona polepole, akipumzika kila baada ya mstari. Kinyozi alikuwa mlangoni kama kawaida, hana wateja.

"Haya," Mama akasema bila kuinua macho. "Nani kashinda?"

"Chai imekuwa nyeupe. Ukakasi ulipotoka haikubaki na kitu."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. "Na yangu?"

Chini ya meza kulikuwa na rundo la vitambaa vya kuweka viraka alivyokata kwenye nguo kuukuu. Nikachagua kimoja, cha shati lililokuwa zambarau miaka mingi iliyopita, nikampa.

"Rangi hii."

Akakisugua kati ya vidole, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Kimefuliwa sana hiki."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini bado ni zambarau."

"Bado. Kidogo. Daktari anasema kidogo hicho kinaweza kuwa kitu, na kinaweza kuwa si kitu. Kipimwe tena, kitengwe, kijulikane ni nini, kisije kikadhuru watu. Ni miaka. Si dawa, Mama. Usimpe mtu."

Alikaa nacho muda mrefu. Hakuonekana kufurahi wala kuhuzunika. Alikuwa na ule uso wa fundi anayetafakari kama kitambaa kitatosha. Mwisho akakikunja, akakitia kwenye droo ile ile anayoweka futi, akavuta pumzi, moja ndefu, ikaenda mpaka chini na kurudi yote.

"Kinyozi!" akaita.

"Naam, mama."

"Ukikohoa uende hospitali. Majani yangu bado yako shule, hayajamaliza."

"Yatamaliza lini?"

Mama akanigeukia mimi, akatazama lile gauni nyuma ya mlango, akanitazama tena.

Nikainama nikaanza kuokota nyuzi chini.